FImpute au Beagle? Kujaza alama za DNA zilizokosekana kwa ng'ombe wetu wa nyama

Ukifungua faili la DNA la kundi la ng'ombe, huoni ng'ombe. Unaona mistari mirefu ya tarakimu: 0, 1, 2, 2, 1, 0, kisha ghafla 5, 5, 5, 5. Sifuri, moja na mbili zinahesabu nakala za aleli fulani, yaani umbo moja kati ya maumbo ambayo DNA inaweza kuwa nayo mahali hapo: mnyama hana, anayo moja, anazo mbili. Tano haihesabu kitu. Ni pengo. Ama mashine ilishindwa kusoma, ama chipu iliyotumika, kile kibao cha maabara kinachosoma sehemu zilizochaguliwa za DNA tunazoziita alama, haikuwa na alama hiyo tangu mwanzo.

Mimi nafanyia kazi hii Mombasa, Tudor, lakini ng'ombe wenyewe wako mbali na bahari: Kinango, Samburu ya Kwale, Mackinnon Road, Voi, wengine kule Galana. Kinachofika mjini ni nywele za mikia yao ndani ya bahasha, na baada ya wiki kadhaa hurudi mafaili kutoka maabara. Hapo ndipo swali huanza: mapengo haya tuyajaze kwa programu gani? Wengi wanaokuja wameshasikia majina mawili, FImpute na Beagle, na wanataka niwaambie moja. Mimi huwauliza kwanza mambo mawili. Unawajua baba za ndama wako? Na je, wapo ng'ombe wa damu kama ya wako waliokwisha pimwa kwa alama nyingi? Ukinijibu hayo, programu imeshajichagua.

Mzee mmoja mwenye kundi upande wa Kinango alinisikiliza mpaka mwisho, halafu akaniuliza: "Sasa mwanangu, hiyo kompyuta itamjuaje ng'ombe wangu kushinda mimi niliyemzalisha?" Nilimwambia haimjui kushinda yeye, na kwamba bila yale anayoyajua yeye, kompyuta itafanya kazi nusu. Sikusema hivyo kwa adabu tu. Yaliyo hapa chini yote yanatoka hapo.

Mapengo ya namna mbili

Kuna pengo la bahati mbaya. Sampuli ilikuwa dhaifu, alama chache hapa na pale hazikusomeka, asilimia moja au mbili ya faili. Kwa pengo hilo usiumize kichwa. Hata njia ya zamani ya kuweka wastani wa kundi haitakuharibia hesabu. Ikiwa aleli hiyo iko kwa kiwango cha 0.3 katika kundi lako, unaandika 0.6 palipo na tano, unaendelea na kazi.

Pengo la pili tunalifanya makusudi, kwa sababu ya pesa. Tangu watafiti Meuwissen, Hayes na Goddard walipoonyesha mwaka 2001 kwamba thamani ya mnyama kwa uzazi inaweza kukadiriwa kwa alama zilizotapakaa katika DNA nzima, kila mfugaji mwenye mipango anataka alama nyingi kwa wanyama wengi, na pesa haziruhusu. Chipu ya BovineSNP50 ina alama 54,000 na kitu. BovineHD ina 777,962. BovineLD, ile ndogo, toleo lake la kwanza lilikuwa na 6,909. Kwa hiyo madume wachache hupimwa kwa chipu nzito, na mitamba na ndama hupimwa kwa nyepesi. Halafu unataka wote wawe na alama sawa ili waingie hesabu moja.

Tazama ukubwa wa deni hilo. Ndama aliyepimwa kwa chipu ya alama 6,909, ukitaka kumfikisha kwenye zile 54,000, karibu alama saba katika kila nane utazijaza wewe. Ukijaza saba katika nane kwa wastani wa kundi, kila ndama atafanana na mwenziwe. Yule mwenye damu ya kukua haraka anavutwa katikati, na yule dhaifu naye anavutwa katikati, na wewe ulikuwa unatafuta tofauti yao. Kwa pengo hili njia ya wastani sikushauri hata kidogo.

Kanga iliyochanika

Mapengo yanajazika kwa sababu DNA hairithiwi punje punje. Inarithiwa vipande virefu. Ng'ombe ana jozi 29 za kromosomu pamoja na zile za jinsia, na kila kromosomu ndama anayopewa na baba yake ni kama imeunganishwa kwa vipande vichache tu, hiki kutoka kwa babu, hiki kutoka kwa bibi. Ukitambua kipande ni cha nani, umeshajua kila kilichomo ndani yake.

Chukua kipande cha kanga kilichochanika. Pindo limebaki, mji umebaki kidogo, jina limekatika katikati. Mpelekee muuzaji wa Biashara Street aliyekaa dukani miaka ishirini. Atakitazama na kukwambia mji ulikuwaje na jina lilimalizikaje. Habahatishi, amewahi kuiona doti yake nzima. Na kuna namna mbili za kufika kwenye jibu hilo. Ya kwanza, unajua kipande kimetoka sandukuni mwa nani, unakwenda kwa mwenyewe, unakuta kanga ya pili ya doti ileile imekunjwa salama. Ya pili, hujui ni ya nani, lakini umezipitisha mkononi kanga nyingi mno hata pindo peke yake linakutosha.

Namna ya kwanza ni nasaba. Ya pili ni kundi la rejea, yaani ng'ombe wengine waliokwisha pimwa kwa alama nyingi. FImpute inatumia zote mbili na inaanzia kwenye nasaba. Beagle ya sasa inategemea ya pili pekee.

FImpute: inapong'ara na inapokuangusha

Programu hii ni ya Mehdi Sargolzaei, na maelezo yake yalichapishwa mwaka 2014. Inafanya kazi kwa kupitisha dirisha juu ya kromosomu, kwanza refu, kisha fupi, kisha fupi zaidi. Hoja yake ni nyepesi na ni ya kweli: ndugu wa karibu wanashirikiana vipande virefu, wa mbali vifupi. Kwa hiyo huanza kumtafutia ndama jamaa zake wa karibu, na ikiwakosa huenda kwa wa mbali. Ukiipa nasaba, inaitumia. Tena inaikagua.

Ukaguzi huo ndio ulionifanya niipende. Baba akiwa na 0 mahali fulani, hana nakala ya kumpa mtoto. Ndama akiwa na 2 mahali hapohapo, ana nakala kutoka pande zote mbili. Haiwezekani yule awe baba yake. Pahali pamoja panaweza kuwa kosa la mashine, lakini pakiwa mamia, daftari la ranchi limekosea. Katika ranchi zetu nyingi madume wanne au watano huachiwa pamoja na majike msimu mzima, na mchungaji huandika baba kwa kukisia rangi au pembe. Sishangai tena nikikuta ndama ameandikiwa baba ambaye hakumzaa. FImpute humng'oa baba wa uongo na, ikiwa baba wa kweli naye alipimwa, inaweza kumtambua.

Kuna jambo jingine ambalo kwa Pwani lina uzito wa pekee. Ukame wa 2021 na 2022 uliondoka na ng'ombe wengi Kenya, na pamoja nao madume waliokuwa nguzo ya makundi, hakuna aliyewang'oa hata unywele. Fahali kama huyo anaweza kusomwa kupitia watoto wake. Hesabu yake ni hii: mahali popote katika DNA, fahali ana nakala mbili, na kila ndama hupewa moja. Ndama wawili wana nafasi nusu kwa nusu ya kuwa wamebeba zote mbili kati yao. Ndama wanne, asilimia 87.5. Ndama sita, karibu 97. Ndiyo maana FImpute hufanya vizuri kwa mnyama asiyepimwa akiwa na watoto wanne na zaidi waliopimwa. Mama za ndama nao wakipimwa, jibu linakuwa safi zaidi, kwa sababu unajua kwa hakika upande gani wa ndama ulitoka kwa mama.

Sasa mahali inapokuangusha. Bila nasaba inafanya kazi bado, lakini faida yake kubwa imeondoka. Na pale inapokosa kipande kinacholingana, kwa kawaida hujaza kwa kufuata kiwango cha aleli katika kundi, tarakimu kamili, bila kukuonyesha kwamba hapo ilibahatisha. Ina chaguo la kuizuia isifanye hivyo. Mimi huliwasha kila mara. Afadhali nibaki na tano ninazoziona kuliko kuwa na mbili nisizoweza kuziamini. Pia usishtuke ukiona 3 na 4 kwenye matokeo: ni mnyama mwenye nakala moja, ila programu imeshajua nakala hiyo ni ya upande wa baba au wa mama.

Leseni nayo itazame mapema. Kwa utafiti usio wa biashara inatolewa bure. Ukiitumia kibiashara kuna mazungumzo ya kufanya na wenyewe. Mwanafunzi wa Pwani University hana shida. Ranchi inayouza madume ya mbegu, iulize kwanza.

Beagle: nguvu yake ni kundi la rejea

Beagle ni ya Brian na Sharon Browning wa Chuo Kikuu cha Washington, Marekani. Ni bure kwa kila mtu, inaendeshwa kwa Java, kwa hiyo laptopu yoyote yenye kumbukumbu ya kutosha itaibeba. Inataka faili la VCF, mpangilio maalumu wa kuandika data za DNA, na si lile la tarakimu tupu, na mtu asiyezoea atapoteza siku moja au mbili kwenye kubadilisha tu.

Yenyewe haiulizi baba wala mama. Inamchukulia kila mnyama kama mshono wa vipande kutoka kwa wanyama wa kundi la rejea, na inapima kwa uwezekano: hapa anafuata kipande cha huyu, kisha anaruka kwa yule. Kundi hilo la rejea linapaswa kuwa limejaa, lisiwe na pengo lake lenyewe, na nakala zilizotoka kwa baba na zilizotoka kwa mama ziwe zimeshatenganishwa. Inakupa kitu ambacho FImpute kwa kawaida haikupi: si jibu pekee bali na uwezekano wake, na kwa kila alama kipimo kiitwacho DR2, kati ya sifuri na moja, kinachokadiria ujazaji wa alama hiyo una thamani gani. Ukiona DR2 iko chini, unaitupa alama. Uwazi huo una faida kubwa kwa mtu anayetaka kulala usingizi.

Lakini ilitengenezwa kwanza kwa ajili ya binadamu, na hapo pana mtego mmoja. Kuna kipimo kiitwacho ne, ukubwa wa kundi linalozaana, na thamani inayokuja na programu ni kubwa, ya binadamu walio wengi. Ng'ombe wa aina moja walitokana na madume wachache. Ukiiacha thamani hiyo kwa ng'ombe, Beagle itadhani vipande vimekatikakatika kuliko ilivyo kweli, hasa alama zikiwa chache. Ishushe, jaribu mia moja, jaribu mia tano, pima matokeo. Mtu mmoja aliniandikia kwamba Beagle "haifai kwa ng'ombe". Hakuwa amegusa kipimo hiki.

Boran si Hereford

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu ndipo watu wa kwetu wanapoumia.

Mpangilio wa DNA unaotumika kama ramani ya ng'ombe wote ulisomwa kwa ng'ombe jike mmoja wa aina ya Hereford, Dominette, na ukachapishwa mwaka 2009. Alama za BovineSNP50 nazo zilichaguliwa zaidi kutoka kwa ng'ombe wa asili ya Ulaya, wasio na nundu. Ng'ombe wetu ni zebu, wana nundu. Kwa hiyo alama nyingi zinazotofautisha Hereford na Hereford hazitofautishi zebu na zebu. Wote wana 0, au wote wana 2, na chipu ya alama 54,000 inakufaa kwa sehemu yake tu. BovineHD ilipotengenezwa iliwahusisha pia ng'ombe wa nundu, na ndiyo sababu mimi huiona inafaa zaidi kwa madume wazazi wa huku, ingawa bei yake ni nzito.

Na wetu wenyewe hawako namna moja. Boran wa Kenya, ambaye chama chake cha wafugaji kilianzishwa mwaka 1951, ana damu ya zebu, ana damu ya kale ya ng'ombe wa Afrika wasio na nundu, na katika makundi ya ranchi ameingiziwa pia ya Ulaya. Watu humlinganisha na Nelore wa Brazil kwa sababu wote wana nundu. Nelore atakujazia vile vipande vya zebu. Vile vya Afrika hatakuwa navyo, na programu itavijaza kwa kilicho karibu zaidi, yaani kwa makosa.

Halafu kuna Boran wa Orma, ng'ombe wa watu wa Orma. Watafiti waliofanya kazi ranchi ya Galana miaka ya 1980 walionyesha kwamba Orma anastahimili nagana, ugonjwa unaoenezwa na mbung'o, kuliko Boran wa kawaida wa hapo. Mtu wa Kwale anayelisha karibu na Shimba Hills, penye mbung'o, anajua thamani ya mnyama kama huyo. Sasa fikiria: chochote kilichomo katika DNA ya Orma kinachomlinda, hakiwezi kuonekana kwenye kundi la rejea lisilo na Orma hata mmoja. Ukimjaza Orma kwa Angus au Nelore, unaifuta ile tofauti uliyokuwa ukiitafuta, na faili litarudi limejaa, halina tano hata moja, linapendeza kutazama.

Ndiyo maana ushauri wangu wa kwanza kuhusu pesa hauhusu programu. Kabla hujapima ndama mia tatu kwa chipu nyepesi, pima madume na majike wazazi wako kwa chipu nzito. Wao ndio rejea yako. Kundi dogo la damu ileile linashinda kundi kubwa la damu ya mbali, na hili nimelipima kwenye mafaili mengi sasa.

Usiamini asilimia peke yake

Njia ya kulinganisha ni moja na kila mtu anaiweza. Chukua wanyama waliopimwa kwa chipu nzito, ficha alama zao mpaka wabaki kama waliopimwa kwa nyepesi, jaza, kisha linganisha kilichojazwa na kile ulichokificha. Fanya hivyo kwa FImpute na kwa Beagle, wanyama walewale. Wafiche walio wadogo kwa umri, si wowote tu, kwa sababu kazini utawajaza ndama kutoka kwa wazazi, hutamjaza babu kutoka kwa mjukuu.

Sasa mtego. Watu huripoti asilimia ya alama zilizojazwa sawasawa, wanaona 96 wanafurahi. Chukua aleli adimu iliyo kwa kiwango cha 0.02. Ukiandika 0 kwa kila ng'ombe bila kufikiri, utakuwa sahihi kwa 0.98 mara 0.98, yaani asilimia 96. Umepata 96 na hukumtambua hata mnyama mmoja mwenye aleli hiyo. Tumia kipimo cha uwiano (correlation) kati ya kilichojazwa na cha kweli, alama kwa alama, na zitenge alama adimu uzitazame peke yake. Kwa kipimo hicho yule mjinga wa asilimia 96 hapati kitu.

Kwa uzoefu wangu, kundi lenye nasaba nzuri na wazazi waliopimwa, FImpute hutangulia, tena kwa kasi: kazi inayoichukua Beagle usiku mzima kwenye mashine yangu, hii huimaliza nikiwa nangoja maghrib. Kundi lisilo na nasaba lakini lenye rejea ya damu yake, Beagle hutangulia kidogo, na kwa alama adimu zaidi ya kidogo. Kundi lisilo na nasaba wala rejea, zote mbili zinakupa matokeo mabaya yanayofanana.

Njia mbili nyingine za kuweka mezani

Ya kwanza ni kuachana na chipu na kusoma DNA nzima juu juu, mara moja au nusu mara, halafu kujaza kwa programu kama GLIMPSE au STITCH. Ina mvuto kwetu kwa sababu haikuletei alama zilizochaguliwa Ulaya, inasoma kilichopo. Lakini elewa unachonunua. Ukisoma kwa wastani wa mara moja, kama asilimia 37 ya mahali hapatasomwa kabisa, na palipo na nakala mbili tofauti ukasoma mara moja, umeiona moja tu. Yote yanabaki kwa kundi la rejea tena, ila STITCH inaweza kujijengea rejea kutoka kwa wanyama wenyewe wakiwa wengi wa kutosha. Kwa kundi la ng'ombe sitini wa mzee wa Kinango, hapana. Kwa mradi wa kaunti nzima wenye maelfu ya wanyama wasio na daftari, ningeanza hapo.

Ya pili si kujaza kabisa. Kama mnyama hana sampuli ila ana nasaba na ana uzito ulioandikwa, ile hesabu ya hatua moja iliyotokana na kazi za watafiti Misztal, Legarra na Aguilar kuanzia 2009 inawaunganisha waliopimwa na wasiopimwa katika jedwali moja la undugu. Kwa ranchi inayotaka tu kujua madume yapi yabaki kwa uzito wa kuachishwa ziwa na wa miezi 18, hii mara nyingi inatosha. Wale waliopimwa utawajaza kwa FImpute kwanza walingane chipu, wasiopimwa uwaache nasaba iwabebe. Ila narudi palepale: nasaba ya kubahatisha inaiharibu njia hii kuliko inavyoharibu nyingine yoyote, kwa sababu haina mahali pa kujikagua kwa mnyama asiye na DNA.

Mapengo tunayoyaleta wenyewe

Kosa lililonigharimu zaidi halikuwa la programu. Niliunganisha mafaili mawili ya ranchi moja, la chipu ya zamani na la mpya, yakajaza vibaya ajabu, nikailaumu Beagle, nikahamia FImpute, vibaya vilevile. Siku ya tatu nikafungua ramani za alama nikaziweka ubavu kwa ubavu. Moja ilitumia nafasi za UMD3.1, toleo la zamani la ramani ya DNA ya ng'ombe, nyingine za ARS-UCD1.2, toleo la mwaka 2018. Alama ileile, namba tofauti, nyingine hata kromosomu tofauti. Programu zote hizi zinategemea ujirani wa alama. Ukiuvuruga ujirani, hakuna chochote cha kufuata. Pamoja na hilo angalia herufi: maabara moja inaweza kukuandikia A na B, nyingine herufi za uzi wa pili wa DNA, na 0 ya faili hili ikawa 2 ya lile. Linganisha viwango vya aleli kati ya mafaili kabla ya kuunganisha. Alama iliyo 0.1 huku na 0.9 kule, imegeuzwa.

Na kabla ya yote hayo, bahasha. Nywele za mkia zinavutwa, hazikatwi. Ukikata kwa mkasi unaleta nywele tupu. DNA iko kwenye kijishina cheupe kilicho mwisho wa unywele, kidogo kama punje ya mchele iliyosagika. Vuta kwa kuuzungusha mkia kidoleni, thelathini au arubaini kwa mpigo, tazama mashina kwenye mwanga, ondoa mavi, weka kwenye bahasha ya karatasi. Si mfuko wa plastiki. Kwa unyevu wa hapa mjini, plastiki iliyofungwa Jumatatu utaifungua Ijumaa ina ukungu, na mashina yameoza. Niliwahi kupokea mfuko mzima wa namna hiyo kutoka kwa kijana aliyefanya kazi kwa bidii kutwa kucha juani. Wale ng'ombe walirudi na tano nyingi kuliko tarakimu nyingine zote.

Ningechagua hivi

Ranchi yenye dume mmoja kwa kila kundi, inayotumia uhimilishaji kwa sehemu, na yenye daftari ambalo meneja mwenyewe analiamini: FImpute, na nasaba yote, hata ya waliokufa. Usiongeze Beagle juu yake kwa ajili ya kuonekana kisasa.

Makundi ya malisho ya pamoja, madume mchanganyiko, Orma na zebu wa kienyeji: Beagle, ne imeshushwa, DR2 imechujwa, rejea imejengwa kwa wanyama wa hapohapo. Ukikosa rejea hiyo, subiri. Weka sampuli zako kavu mpaka upate pesa za kuijenga.

Aliye katikati, na wengi wa Pwani wako katikati, wana baba wa nusu ya ndama na nusu nyingine hawajulikani: tumia FImpute kwanza ukiiacha ikague na kuwatafuta baba miongoni mwa madume waliopimwa, halafu fanya jaribio la kuficha kwa zote mbili kwenye wale nusu wasio na baba. Usichague kabla ya jaribio hilo. Ni kazi ya siku moja.

Kuhusu kromosomu X, fahali anayo moja tu, na programu zote mbili zinahitaji kuambiwa hivyo. Kama huna mtu wa kukusaidia, anza na zile jozi 29, X uiache.

Na yule mzee wa Kinango? Tulikaa chini ya mwembe wake na orodha ya majike sitini, akanitajia mmoja mmoja mama yake nani na nyanya yake alinunuliwa wapi, mpaka vizazi vitatu, bila daftari. Baba alikuwa hana uhakika nao, isipokuwa fahali mmoja mwekundu aliyekuwa peke yake zizini kwa misimu miwili. Tulimpima huyo kwa chipu nzito, pamoja na majike kumi wenye ndama wengi zaidi. Wengine wote walipimwa kwa nyepesi, na nasaba ya upande wa mama ikaingia FImpute kama alivyoitamka.